Bakuli Nililolipunguza Njiani

Mwezi uliopita, hapa Kikima, kwenye milima ya Mbooni, mwalimu wa shule ya Jumapili alishikwa na homa, nikaombwa nimshikie darasa. Somo lilikuwa lile la mikate mitano na samaki wawili. Nilisimulia vizuri tu, mpaka msichana mmoja wa mstari wa mbele akaniuliza kama yule mtoto aliyebeba chakula hakusikia njaa njiani. Wenzake wakacheka. Mimi sikuweza. Nilimjibu kwamba Biblia haisemi, nikawaimbisha wimbo wa kufunga mapema kuliko kawaida. Tangu siku hiyo, rafiki yangu, nimekuwa nikizunguka na jambo ambalo sijamwambia mtu. Wacha nikuambie wewe.

Nililelewa na nyanya yangu, mama yake mama, upande wa Mutomo. Tulimwita susu, kama sisi Wakamba tunavyowaita nyanya zetu. Ukiwa huku milimani, ambako parachichi zinaoza chini ya miti, huwezi kuamini kwamba kule ni safari ya siku moja tu. Kule ni udongo mwekundu na miiba, na mbuzi wanaosimama kwa miguu miwili kufikia jani la mwisho. Lakini nikikumbuka asubuhi za kule, moyo unalainika. Namsikia susu akitwanga mahindi kwenye kinu kuyatoa maganda ili apike muthokoi. Nasikia harufu ya mbaazi zikitokota juu ya mafiga. Nakumbuka maji tuliyofukua mchangani mtoni, jinsi yalivyokuwa baridi, na jinsi chembe za mchanga zilivyobaki kwenye meno.

Nilipokuwa msichana wa miaka kumi mvua ilikosa, na msimu uliofuata ikakosa tena. Sisi tulikuwa na afadhali. Mjomba alikuwa na kazi pale Kiboko, kwenye barabara ya Mombasa, na kila alipopata lori linalokuja upande wetu alitutumia gunia la mahindi. Susu aliyapima kwa mkebe, mkebe mmoja kwa siku, tukawa tunakula mara moja tu, saa nane mchana.

Ng'ambo ya korongo aliishi mama mmoja na watoto wake wanne. Mumewe alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi, barua zikakatika. Huyo hakuwa na mjomba wala gunia. Susu aliamua, bila kuniuliza, kwamba bakuli moja la chakula chetu litavuka korongo kila siku. Alimpenda sana mjane wa Sarepta, yule aliyempikia nabii Eliya unga wake wa mwisho, na unga usiishe chomboni. Alizoea kusema, akiwa amepiga magoti anapuliza moto, kwamba yule mjane alipika kwanza, akauliza baadaye. Mimi nilimwamini kabisa. Kila asubuhi nilichungulia gunia kuona limeongezeka kiasi gani. Lilikuwa linapungua.

Mbeba bakuli nilikuwa mimi. Lilikuwa la bati, jeupe, lenye ukingo wa buluu, limefunikwa kwa kitambaa. Siku ya kwanza nilifikisha chakula chote. Siku ya pili kitambaa kililegea, nikaona mbaazi chache zimekaa juu peke yake, nikazila. Kufikia mwisho wa juma nilikuwa na mahali pangu, nyuma ya kichuguu, upande usioonekana kutoka kwetu wala kutoka kwao. Nilikaa hapo nikala kwa vidole, kisha nikasawazisha juu kwa kiganja ili shimo lisionekane. Nilianza na matonge mawili, yakawa manne. Baada ya wiki kadhaa nilikuwa nakaribia nusu. Na nilikuwa nimeshakula sehemu yangu nyumbani. Hilo usilisahau unaponisikiliza.

Yule mama alinipokea kwa mikono miwili kila siku. Alimimina chakula kwenye sinia, watoto wakalizunguka, yule mdogo kabisa akiwa amelishika ukingo kana kwamba litatoroka. Kisha aliomba. Aliomba sala ndefu kwa chakula kidogo namna ile, akamwombea susu, akamwombea na mtoto aliyekileta. Nami nilisimama mlangoni, ulimi ukitafuta ganda la mbaazi lililonasa kwenye jino.

Siku moja niliamka na malaria, susu akapeleka bakuli mwenyewe. Aliporudi alikaa kando ya kitanda changu, akanisimulia taratibu kama mtu anayetoa habari za sokoni. Alisema yule mama alipofunua kitambaa alishtuka, akamwambia, "Mwaitu, leo mmetuongezea. Nyinyi mtabaki na nini?" Mwaitu ni mama, ndivyo alivyomwita kwa heshima. Nilifumba macho, nikajifanya homa imenizidi. Nilikuwa nasubiri fimbo, maana susu hakuwa mtu wa kuogopa kuchapa. Nilisikia mkono wake umekaa kwenye paji la uso wangu.

"Kumbe sikuwa nakushibisha, mama," akaniambia. "Nisamehe."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha. Hata kulia sikulia.

Nilipopona alinipa bakuli nibebe kama zamani. Hakukifunga kitambaa kwa fundo, wala hakusimama uani kunitazama. Ila tangu siku hiyo alinipakulia kwanza, akanijazia, na yeye akabaki na ukoko na maji ya kunde yaliyotiwa chumvi, akisema tumbo lake siku hizi halitaki chakula kizito. Sikuligusa tena bakuli la watu. Ningependa kukuambia ni kwa sababu nilitubu. Ukweli ni kwamba sikuwa na haja nalo tena. Nilikuwa nakula chakula cha susu.

Mvua ilirudi, kunde zikaota, bakuli likaacha kuvuka korongo. Nilisoma, nikaolewa huku Mbooni. Susu aliishi hadi akazeeka sana, na siku tuliyomzika mchungaji aliwapa majirani nafasi ya kusema. Yule mama alikuja mbele akiegemea bega la binti yake. Alikuwa bibi kizee sasa. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akaeleza habari za mwaka ule, jinsi bakuli dogo lilivyolisha watu watano, wakaishi wote, asizike hata mtoto mmoja.

"Watu husoma habari ya mikate mitano," alisema. "Mimi nimeiona. Na mtoto aliyeileta ndiye yule ameketi pale."

Watu walipiga makofi. Mchungaji akaniomba nisimame wanione, nikasimama. Akasema Amen, waombolezaji wakaitikia, na mimi nikaitikia. Nimesema mengi maishani ambayo si ya kweli, lakini ile Amen ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Baada ya mazishi alinishika mkono, akaniuliza habari za watoto wangu. Ningeweza kusema pale pale. Binti zake walikuwa karibu, watu walikuwa wanapita na sahani, nikajiambia nitakwenda kumwona Desemba, tukiwa wawili. Nilimpakulia wali na nyama mpaka akanizuia, akicheka kwamba hana meno ya kumaliza yote. Desemba sikwenda. Mwaka uliofuata nilipigiwa simu kwamba amefariki.

Siku hizi muthokoi hununuliwa dukani, umekobolewa tayari kwa mashine, na wanangu hawajawahi kusikia kinu kikigonga alfajiri. Nyumba ya susu imebaki kuta. Sijui kama kuna mtu kule anayemtuma mtoto kupeleka bakuli kwa jirani; labda wapo, labda wanatuma pesa kwa simu. Wote wawili waliostahili kusikia maneno yangu wamelala chini ya udongo ule mwekundu.

Amebaki yule mdogo, aliyekuwa akishika sinia. Ana duka la mbegu na dawa za mifugo pale Mutomo. Kila nikipita huacha wateja, huniletea kiti, huagiza soda, na huwaambia walio pale kwamba huyu dada ndiye aliyetulisha. Ndugu zake ni watu warefu, akina kaka na dada, warefu kama baba yao. Yeye hanifiki begani. Huenda amezaliwa hivyo tu. Nakunywa ile soda yote, nashukuru, naondoka.