Ijumaa Ambazo Osmar Hakuja

Kila asubuhi, kabla hajaketi, Osmar Tessore hupanga vitu vya mezani. Kichupa cha chumvi, kopo la sukari, kikapu cha mkate na kibuyu cha yerba, yale majani ya chai ya huko: huvisukuma kwa ubavu wa kiganja mpaka vyote vikae kwenye mstari mmoja, kisha hurudi nyuma nusu hatua na kuvitazama kwa jicho moja. Kikiwapo kilichobaki nyuma hukisogeza mbele. Ndipo anapovuta kiti.

Dada yake, Nelda, akitaka sukari huichukua na kuiweka popote. Osmar husubiri, halafu huirudisha kwenye mstari.

"Hapa hakuna wa kuotea, Osmar," humwambia.

"Huwezi kujua," naye hujibu.

Hivyo ndivyo wanavyoamkiana wazee hawa wawili katika nyumba ya baba yao, nyuma ya stesheni isiyopitiwa tena na treni. Wakishaamkiana huzungumzia bei ya nyama, mvua, magoti ya mmoja na macho ya mwingine. Baba yao hawamtaji. Lilikuwapo jambo moja ambalo Nelda alitaka kulijua kutoka kwa kaka yake, na alikuwa amelibeba miaka mingi bila kuliuliza, maana liliweza kujibiwa kwa njia mbili tu, na zote mbili alizihofia.

Osmar alizaliwa na miguu mizito na kichwa kigumu. Hayo aliyasema mzee Eusebio mwenyewe, baba yao, aliyekuwa akigeuza njia za treni pale stesheni kwa mkono wake. Alipoona mwanawe hatakuwa mshambuliaji hata kwa maombi, akamfanya beki. Alimfundisha kwenye uwanda wa changarawe kando ya reli, akiwa bado na kofia yake ya kazi. Mpira ni mwongo, alimwambia, usiutazame. Mtazame mtu kiunoni, kiuno hakijui kudanganya. Nelda alikuwa akitumwa awe mshambuliaji, na mpaka leo ana kovu kwenye muundi.

Ukubwani Osmar alichukuliwa na klabu moja ya Buenos Aires, daraja la pili, na huko akapewa jina la Tranca, yaani komeo, lile gogo linalowekwa nyuma ya mlango. Hakuwahi kuitwa timu ya taifa wala picha yake haikutoka ukurasa wa mbele. Lakini washambuliaji wa daraja lile walimjua, na wengine walipojua watakutana naye walikuwa wakipatwa na maumivu ya paja tangu Alhamisi. Maisha yake yote alifunga mabao matatu, na moja kati ya hayo aliliingiza kwenye lango lake mwenyewe, kwa kichwa, kutokana na kona. Mzee Eusebio ndilo alilolipenda zaidi. Kichwa kilikuwa safi, alikuwa akisema, lango tu ndilo lilikosewa.

Magoti yalipogoma akawa kocha. Alizunguka na mabegi yake katika miji midogo ya nyanda, klabu hii msimu mmoja, ile nusu msimu, mpaka akaitwa na Juventud Molinera, timu ya mji wa vinu vya unga, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka nyumbani. Hapo ndipo palipoanza zile Ijumaa. Kwa kuwa Jumapili ilikuwa siku ya mechi, ravioli za Jumapili, zile tambi za kujazwa nyama, zilihamishiwa Ijumaa. Nelda alikanda unga asubuhi, mzee akakata vipande kwa ukingo wa kisu kikuukuu, na mchana Osmar akafika na vumbi lake. Walikula watatu, halafu wanaume wakabaki mezani wakihamisha makombo ya mkate huku na huku: huyu beki wa kushoto, huyu kiungo. Mzee alikuwa mgane wa siku nyingi, na Nelda, aliyekuwa akishonea watu nguo chumba cha mbele, aliona jinsi wiki nzima ya baba yake ilivyoelekea Ijumaa kama maji yanavyoelekea bondeni.

Msimu ule Molinera walianza vibaya. Walifungwa, wakatoka sare, wakafungwa tena, na viongozi wakaanza kumsalimia kocha wao bila kumtazama usoni. Kisha ikaja Ijumaa moja ya mvua kubwa, barabara ikafunikwa na maji, na Osmar akageuza gari akiwa njiani. Ravioli zile walikula wawili. Jumapili, ugenini, Molinera wakashinda.

Kwa watu wengine hiyo ni mvua na ushindi. Kwa watu wa mpira wa huku ni kabala, na kabala haichezewi: lolote ulilofanya kabla ya ushindi, lirudie, ambalo hukulifanya, usilifanye. Dereva wa basi la timu, Quique, ambaye siku ile aliingia uwanjani huku waipa zikifuta mvua, aliziwasha tena wiki iliyofuata, juani, zikalia juu ya kioo kikavu kama kuku anayechinjwa. Wakashinda. Kipa alikataa soksi zake zisifuliwe. Wakashinda. Na mchezaji mmoja akakumbuka kwamba kocha Ijumaa ile hakwenda kwao.

Osmar alimpigia baba yake simu, akamwambia kwa kicheko kwamba wachezaji wanamkataza kuja.

"Wako sahihi," alisema mzee. "Usije. Nani akufungulie mlango hapa? Mimi sifungui."

Nelda aliyasikia hayo akiwa na unga mikononi. Mzee alikata simu, akakaa, akaendelea kukata ravioli kwa makini zaidi, kama mtu aliyepewa namba kwenye timu.

Ushindi ukafuata ushindi. Mji mzima wa akina Tessore, usiokuwa na timu ya maana, ukaichukua Molinera kuwa yake. Buchani, Nelda aliulizwa kama kaka yake amekuja, na akisema hakuja, muuza nyama alimwongezea kipande. Hakuna aliyeona ajabu. Mzee alipoanza kukohoa, na kikohozi kikashuka kifuani, na ravioli zikawa supu, bado hakuna aliyeona ajabu. Daktari wa mji, mtu msomi, alimpima mzee, akamvuta Nelda ukumbini na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba moyo umechoka. Alipomuuliza kama amwite Osmar, daktari alijikuna shingo. Akasema zimebaki mechi chache.

"Doña Nelda, usimwite," muuza nyama alimwambia, bila mzaha hata kidogo. "Akija akafungwa, mzee atakufa kwa uchungu. Sasa hivi anakufa kwa raha."

Na kweli mzee hakutaka aitwe. Alilala na redio sikioni, akaomba asomewe msimamo wa ligi kama wengine wanavyoomba wasomewe sala. Lakini usiku Nelda alipomgeuza ubavu alimkuta anatazama mlango.

Jumatano ya wiki ya mwisho, wakati mechi ya kupanda daraja inasubiriwa Jumapili, Nelda alivunja mwiko. Alimpigia Osmar uwanjani. Nyuma yake alisikia wachezaji wakiitana.

"Mzee anaondoka," alimwambia. "Njoo."

Kaka yake aliuliza:

"Bado anawatambua watu?"

"Anawatambua. Anauliza beki ya kulia utamweka nani."

"Mwambie Ferreyra."

"Njoo umwambie mwenyewe."

Mtu alipiga filimbi huko uwanjani.

"Nelda, Jumapili tukimaliza nakuja moja kwa moja."

Nelda alimpelekea mzee jina la Ferreyra. Mzee alitikisa kichwa. Mzito huyo, alisema. Halafu akamwapisha binti yake kwamba, likitokea la kutokea, Osmar asiambiwe kabla ya filimbi ya mwisho.

Alifariki Jumamosi asubuhi, wakati Nelda akibadilisha foronya. Na mji ukatunza siri. Padri hakugonga kengele, kwa kuogopa msafiri yeyote asije akapeleka habari mji wa vinu. Jumapili walikaa na maiti chumba cha mbele, kati ya cherehani na mishumaa, na kwenye kiti kando ya jeneza wakaiweka redio ya marehemu, sauti ya chini. Molinera walipofunga bao, wanaume walijiuma ngumi. Muuza nyama alipiga kofi moja, akalikumbuka jeneza, la pili akalishika hewani.

Osmar alifika jioni. Habari alipewa na Quique, aliyepigiwa simu baada ya filimbi ya mwisho, kwenye chumba cha wachezaji, katikati ya povu la mvinyo na nyimbo za ushindi, na alikuja na koti lililokuwa bado limelowa. Watu walimpisha kwenye ukumbi, wakimkumbatia mmoja mmoja. Pole, Komeo. Hongera, Komeo. Midomo ileile iliyasema yote mawili kwa pumzi moja, na yeye akaitikia yote mawili kwa neno moja. Alisimama upande wa miguu wa jeneza. Nelda, aliyekuwa upande wa kichwa, alimngoja asogee. Alibaki palepale mpaka kifuniko kilipofungwa.

Msimu uliofuata Molinera walishuka, na kocha akafukuzwa kabla mvua za vuli hazijaisha. Alifundisha kwingine na kwingine. Hakupandisha timu tena. Nelda aliolewa na mtu wa reli, akafiwa, akarudi kwenye cherehani yake. Kaka na dada hawakugombana. Waliandikiana kadi za Krismasi. Mke wa Osmar alipofariki naye, na magoti yakamfanya asiweze kupanda ngazi za nyumba yake, Nelda alimwambia chumba cha nyuma kipo. Akaja na mabegi mawili.

Mwaka huu, katika wiki ya kuadhimisha ule ushindi wa kupanda daraja, Molinera walituma watu wawili waje kumpa Osmar bamba la shaba. Mmoja alikuwa Quique, sasa kipofu wa jicho moja, na wa pili yule kipa, mnene kama pipa. Walikuja Ijumaa. Nelda alikanda ravioli kwa kuwa hakuna namna nyingine ya kupokea wageni siku hiyo, na meza ikajaa kelele ambazo haikuwa imezisikia kwa muda mrefu. Quique aliiga mlio wa waipa. Kipa aliapa kwamba zile soksi mwishowe zilisimama zenyewe, na kwamba mke wake alizizika uani na hapajaota nyasi. Osmar alicheka mpaka akashika kifua. Nelda pia alicheka, akienda na kurudi na sahani.

Halafu Quique, akiwa ameshakunywa, aliinua glasi.

"Na mzee wako, Komeo. Yule ndiye mchezaji wetu wa kumi na mbili. Sisi tulitoa soksi, yeye akatoa roho. Je, kama ungekuja ile Jumatano dada yako alipokuita? Tungekuwa daraja gani leo?"

"Lilelile mlilo nalo sasa," alisema Nelda kutoka jikoni. "La tatu."

Walicheka tena, kipa akampiga Quique mgongoni. Osmar aliinua glasi pamoja nao, akaiweka bila kunywa. Nelda alimtazama kupitia mlangoni. Uso wake ulikuwa kama uso wa mtu anayesikiliza lugha asiyoijua na kungoja wengine wacheke ili naye acheke.

Wageni waliondoka kukiwa bado mchana. Bamba la shaba lilibaki juu ya kiti. Osmar alichukua kitambaa, akasimama kando ya sinki kukausha sahani alizoosha dada yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla magoti hayajamzuia kufanya mengine yote.

Miaka yote ile Nelda alikuwa amejiambia kwamba watatu wao walishikwa na upumbavu mmoja: mzee aliiamini kabala, yeye aliiamini kiasi cha kula kiapo na kukitunza, na Osmar aliamini kuliko wote, ndiyo maana hakuja. Upumbavu wa watu watatu wanaopendana unaweza kusameheka. Mzee alikufa ndani yake kama ndani ya blanketi. Lakini kama mmoja wao alijua kwamba ni mchezo, basi wale wawili waliachwa peke yao na mlango ule, na zile Ijumaa, na Nelda mwenyewe alifunga mdomo wake siku nzima mbele ya maiti ya baba yake bila sababu yoyote duniani.

Alifunga maji. Alijipangusa mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja.

"Osmar," alisema. "Wewe uliiamini?"

Hakuuliza ni kitu gani. Aliendelea kuikausha sahani aliyokuwa nayo, ambayo ilikuwa imekauka tayari.

"Hapana," alisema. "Niliogopa kumwona akiondoka."