Wimbo Huu Una Mwenyewe

Ipo Jumamosi moja ambayo hainitoki akilini, mwanangu. Ilikuwa siku ya harusi, katika ukumbi wa kukodi hapa Ilford, London, miaka ile ambayo kompyuta zilianza kuingia sebuleni mwetu na watoto wakawa wanajua mambo ambayo wazazi wao hawakujua hata namna ya kuyauliza. Mimi sikupata kukaa darasani. Haya ninayoyasema anayaandika mjukuu wangu Doto, na nimemwamuru asinipunguzie ukali wala asijipunguzie aibu, kwa kuwa yeye na pacha wake Kulwa wamo ndani ya habari hii.

Katika kanisa letu alikuwapo mwanamke wa Bukavu kule Kongo, Mama Neema, aliyefanya kazi ya usafi wa ofisi mjini. Vita vilimtenga na binti yake Neema angali mdogo; mama akafika London peke yake, mtoto akabaki kwa shangazi. Ilipita miaka mingi kabla hawajaonana tena, na Neema aliposhuka kwenye ndege alikuwa amekua hata mama yake nusura ampite. Nilikuwapo siku hiyo uwanja wa ndege. Mama Neema alimkumbatia mtoto wake akaanza kumwimbia sikioni, maneno yakija yenyewe, kisha sauti ikapanda mpaka watu waliokuwa wakingoja wageni wao wakageuka kutazama. Ndivyo wimbo wake wa kumkaribisha mtu aliyesubiriwa ulivyozaliwa, nami nilisikia kilio chake cha kwanza. Baadaye aliurekodi pamoja na nyimbo zake nyingine katika CD yenye picha na jina lake, akanipa moja mkononi mwangu, nikaiweka kabatini kama kitu cha heshima.

Basi siku ya harusi niliyoitaja, bibi harusi alipokuwa mlangoni, mshereheshaji, Bwana Elias wa kanisa letu, alishika kipaza sauti akatangaza, "Mpokeeni bibi harusi kwa wimbo mtamu wa wenzetu wa kwaya kutoka Goma!" Ukapigwa wimbo wa Mama Neema, kwa sauti ya Mama Neema. Yeye alikuwa ameketi ubavuni kwangu. Mwanzo alitabasamu, kisha lile jina la kwaya likamfikia, nikaona tabasamu linamtoka. Wimbo ulipokwisha akasimama.

"Bandugu, samahani," akasema. "Hiyi wimbo ni yangu. Miye ndiye niliitunga."

"Kaa tu, mama," Bwana Elias akajibu kwa upole, lakini kipaza sauti kilikuwa mdomoni na ukumbi wote ukasikia. "CD ninayo hapa, na jina la kwaya limeandikwa."

Mwanamke mmoja wa meza ya nyuma akadakia, "Mwacheni! Kesho atasema hata keki kaioka yeye!"

Watu wakacheka. Nilisimama kumshuhudia mwenzangu, lakini muziki ulikwisha funguliwa, na sauti ya kizee haishindani na spika. Mama Neema alichukua mkoba wake akatoka kabla chakula hakijapakuliwa.

Kesho yake hakuonekana kanisani. Mchana Neema alibisha hodi kwetu, ameshika sare ya kwaya ya mama yake, imefuliwa, imepigwa pasi na kukunjwa. Aliomba niifikishe kwa mwalimu wa kwaya. "Mama amesema hataimba tena, Bibi," akaniambia. "Amesema mtu akiitwa mwizi wa wimbo wa mtoto wake mwenyewe, hana tena cha kuimba." Akaondoka, nami nikabaki na sare ile magotini.

Wakati huo tulikuwa mezani, mama yao Grace, mapacha na mimi. Doto aliacha kula. Nilimtazama, akatazama sahani.

"Bibi, ni sisi," akasema.

Alianza kueleza kwa Kiingereza. Nikamwambia makosa yameingia kwa lugha anayoitaka, lakini maungamo yatatoka kwa lugha ninayoielewa mimi. Ikawa hivi: walikuwa wakipakua nyimbo kutoka intaneti, nyimbo za watu wasiowajua, kwa mamia, bila idhini ya yeyote. Wakaitoa CD yangu kabatini wakaiingiza nayo kwenye kompyuta. Wakachanganya nyimbo za Mama Neema na zile za kwaya ya Goma, wakazinakili kwenye CD nyingi, na juu ya kila moja Kulwa akaandika kwa kalamu ya wino mzito jina la kwaya hiyo, kwa sababu lilikuwa fupi na lilienea vizuri. Wakawapa marafiki, na moja ikamfikia Bwana Elias. Tena wakaziacha zote mahali pa kugawana huko intaneti, ili kila apitaye ajichukulie.

Kulwa, ambaye hakosi utetezi hata usingizini, akaniambia, "Lakini Bibi, kila mtu anapakua. Na hatukuuza hata moja. Tuligawa bure! Tulikuwa tunamsaidia ajulikane."

"Ajulikane kwa jina gani?" nikamuuliza. "La watu wa Goma?"

Grace akasema kwa sauti ndogo, "Mama, ni watoto tu. Mimi mwenyewe nilifurahi wanakaa nyumbani na kompyuta, hawazururi." Nikamwambia huko nako ni kuzurura, tofauti ni kwamba hawachafui viatu.

Nikawasimulia jambo la ujana wangu, nami nakusimulia wewe, mwanangu, kama nilivyowaambia wao.

Kwetu Usukumani, vijana tulikuwa tukilima kwa vikundi, jembe likifuata ngoma na ngoma ikifuata wimbo. Mtungaji wa nyimbo tunamwita manju, na katika wimbo wake manju hujitaja: jina lake, la baba yake na la mahali atokako. Msimu mmoja tulialikwa kulima shamba la bibi mmoja mjane. Kiongozi wetu, kijana mwenye sauti nzuri na kichwa kikubwa, akaanzisha wimbo wa manju wa mbali, lakini pale pa jina akaparuka. Mjane yule alikuwa kivulini akitupikia. Aliingia shambani na mwiko mkononi, akasimama mbele ya majembe yetu.

"Simameni," akasema. "Huo wimbo una mwenyewe. Mtajeni, kisha mlime."

Kiongozi akacheka. "Bibi, mvua hiyo inakuja, na shamba ni lako!"

"Shamba ni langu, wimbo si wangu wala si wako. Aliyeutunga hayupo hapa ajitetee, ndiyo maana nasema mimi."

Wingu lilikuwa limekwisha kutanda. Yule mama alikuwa tayari mbegu zake zichelewe, lakini si kulimiwa kwa wimbo ulionyang'anywa jina. Kiongozi wetu aliurudia tangu mwanzo, akamtaja manju na baba yake na kijiji chake, ndipo mwiko ukarudi chunguni.

Nilipomaliza, Doto alikuwa analia na Kulwa anachezea uma. Nikawapa sare ya kwaya waibebe wao.

Mama Neema anakaa ghorofa ya juu, na lifti ilikuwa imeharibika, jambo ambalo halikunisikitisha. Nilitaka wapande wakifikiri. Alifungua mlango, akaona sare, uso ukafunga. Doto akasema yote kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Kulwa, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuongeza utetezi. Mama Neema aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Kumbe ni nyinyi," akasema. "Miye nilizani ni batu bakubwa." Kisha akauliza, "Iliwapendeza, ile wimbo?"

"Sana," Doto akajibu.

"Basi mungeniomba. Ningekuja kuwaimbia humo nyumbani kwenu, bure, na chai mungenipa." Lakini sare hakuipokea. Alisema kosa lilifanyika mbele ya watu, na yeye hawezi kwenda kuwabishia mlango mmoja mmoja.

Nikaamua mapacha waungame mbele ya kanisa. Grace aliogopa watoto wasije wakachekwa. Nilimwambia Mama Neema amekwisha kuchekwa kwa niaba yao. Jumapili iliyofuata, kabla ya matangazo, mapacha walisimama mbele ya kanisa. Kulwa alieleza walivyozichukua nyimbo za watu na jina alilolibandika. Doto akasema, "Wimbo ule ni wa Mama Neema. Aliutunga siku aliyompokea Neema." Bwana Elias alikuja mbele bila kuitwa, akamwomba radhi kwa kipaza sauti cha kanisa, chombo anachokipenda mno. Neema alikuwa amemleta mama yake, wameketi karibu na mlango ili ikibidi waondoke.

Hawakuondoka. Mama Neema alitembea mpaka mbele akauimba, bila kinanda. Baada ya ibada, yule mwanamke wa maneno ya keki akamwendea, ameinamisha kichwa, akaomba afundishwe ubeti wa pili. Mama Neema akamshika mkono. "Nakupa," akamwambia. "Ukiuimba, unitaje." Na sare ile akaondoka nayo yeye mwenyewe.

Mapacha walifuta nyimbo zote kwenye kompyuta yetu. Zilizokwisha toka hazikurudi, na pengine hata leo yuko mtu mji mwingine anaupiga wimbo ule kwa jina lisilo lake. Hilo siwezi kulifuta, wala wao.

Basi sikia, mwanangu. Doto ananiambia kuwa sheria inaliita jambo hili hakimiliki. Mimi nalijua bila jina hilo. Kabla hujachota wimbo, picha, filamu au kitabu kutoka kwenye mashine, uliza nani amekitengeneza na kama ameruhusu. Akiwa ameruhusu, chukua kwa furaha na umtaje. Kama hakuruhusu, nunua, azima maktaba, au vumilia bila hicho kitu, hutakufa. Usijiite mkarimu kwa kugawa cha mwenzako. Na ukiwa mzazi, keti na mwanao mbele ya hiyo kompyuta, umwulize maswali hata kama hujui kusoma, mimi naketi. Ukisikia kazi ya mtu inatajwa kwa jina la mwingine, naye hayupo, sema wewe.

Mungu akupe kazi itokayo moyoni mwako, akupe na watu wa kuilinda siku usipokuwapo. Akujalie usikie jina lako likitajwa kwa haki, na ulimi wako usichoke kutaja ya wenzako. Nenda na radhi zangu.