Barafu ya Pacha Wangu

Niliondoka Mwanza kwa sababu ya simu moja. Kulwa, pacha wangu, alipiga Jumapili tukitoka kanisani, na badala ya kusalimia akasema, "Dotto, barafu yangu inaharibika. Njoo uniangalizie mitambo kabla msimu haujaisha." Mama alikuwa kando yangu, akasikia. Alisema niende, kwa kuwa mwenzangu hajawahi kuomba kitu tangu aondoke nyumbani.

Niwaeleze kwanza kazi zetu. Mimi ni fundi wa mitambo ya kugandisha. Miaka kumi na tisa nimekuwa kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, na gesi ya amonia naijua kwa pua na kwa macho. Kulwa yeye alikwenda Johannesburg kutafuta kazi ya ulinzi, akapewa lindo kwenye ukumbi wa barafu, na baada ya muda akawa mtunzaji wa barafu yenyewe. Sakafu ya ukumbi ule imegandishwa mwaka mzima. Juu yake hucheza timu ya kulipwa ya mpira wa magongo: wachezaji wamevaa viatu vyenye vyuma vikali chini, na badala ya mpira wanagombea kisahani kizito cheusi. Timu inaitwa Nungu. Kulwa aliizungumzia kwenye simu kama mtu anayezungumzia familia yake.

Safari ilikuwa ya siku tano. Nilibadilisha basi mara mbili kabla ya Tunduma, nikalala Lusaka kwenye benchi la ofisi ya mabasi, na kwenye mteremko wa Chirundu dereva alikwenda taratibu mpaka abiria wakaacha kuongea. Mpaka wa Beitbridge tulipanga foleni tangu asubuhi hadi jua la saa tisa. Afisa aliniuliza ninakwenda kufanya nini Johannesburg. Nikamwambia, kumsaidia ndugu yangu na barafu. Alicheka, akanigongea muhuri. "Utaikuta," alisema. "Mwezi huu kuna baridi huko."

Asubuhi ya siku ya tano tuliingia Johannesburg. Kulwa alinisubiri stesheni. Miaka sita hatukuwa tumeonana. Alikuwa amekonda, na ngozi ya viganja vyake ilikuwa imepasuka kwa baridi na maji ya chumvi. Tulitembea hadi Hillbrow, tukavuka taa za barabarani, ambazo kule wanaziita roboti, tukapanda ngazi ghorofa tisa kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu. Mke wake, Espérance, Mkongo wa Lubumbashi na msusi, alifungua mlango akiwa na kitana mkononi.

"Karibu, yaya," akaniambia, yaani dada kwa Kiswahili cha kwao, akanikumbatia. "Njo umefika? Bwana yangu halale tena. Anaota mashine tu."

Watoto wao wawili walinisalimia kwa Kiswahili, kisha wakaendelea na Kizulu chao.

Siku hiyo hiyo mchana Kulwa alinipeleka ukumbini. Ulikuwa upande wa kaskazini wa jiji, nyuma ya maduka makubwa. Barafu ilikuwa pana, nyeupe, na chini yake mistari myekundu na ya buluu ilionekana kama iko ndani ya kioo. Kulwa alipiga magoti akaigusa kwa kiganja. "Hii nimeitandaza mwenyewe," alisema. "Tabaka kwa tabaka."

Kisha akanionyesha kasoro. Karibu na goli la kusini palikuwa na sehemu tatu za rangi ya kijivu. Nilibonyeza kwa kidole, kikazama. Maji ya chumvi yanayopita kwenye mabomba chini ya sakafu yalikuwa yanavuja na kupanda juu, na barafu yenye chumvi haigandi sawasawa. Kila asubuhi Kulwa alichimba pale, akajaza barafu iliyosagika, akamwagia maji.

Jumamosi ya kwanza nilitazama mechi. Nungu walikuwa mkiani mwa ligi, lakini mwenye timu alikuwa ameahidi kwamba wakimaliza msimu bila kushuka, timu itaendelea mwaka mwingine. Zilibaki mechi nne, zote za nyumbani. Nahodha alikuwa golikipa, Thabo, kijana mkubwa wa mtaa wa Alexandra aliyejifunza kuteleza alipokuwa mfagiaji wa ukumbi ule ule. Walicheza vizuri. Kipindi cha pili walikuwa wanaongoza mabao mawili kwa moja, na Kulwa alinishika mkono kwa nguvu, kama tulipokuwa wadogo.

Ndipo beki mmoja wa Nungu alipogeuka kwa kasi karibu na goli la kusini. Chuma cha kiatu kikazama kwenye sehemu ya kijivu. Mwili ulizunguka, mguu ukabaki. Tulisikia sauti ya mfupa tukiwa jukwaani. Walimtoa kwa machela, na mwishowe Nungu wakafungwa manne kwa mawili.

Kulwa alibaki akichimba pale mahali mpaka ukumbi ukabaki mtupu. "Ni mimi," alikuwa akisema. "Ni mimi nilisema pale patahimili."

Jumatatu niliingia chumba cha mitambo peke yangu. Nilipofungua mfuniko wa tangi la maji ya chumvi, macho yaliniuma. Nilichovya karatasi ya kupimia niliyokuja nayo kutoka kiwandani. Ikabadilika rangi. Maana yake mtambo wenyewe umetoboka kwa ndani, na amonia inaingia kwenye maji yanayozunguka chini ya miguu ya watu. Pale kiwandani kwetu ilianza hivyo hivyo. Wiki mbili tulikuwa tunasema ni kidogo. Siku bomba lilipopasuka, Masanja, niliyekuwa nakula naye chakula cha mchana, alikuwa karibu na mlango, na hata hivyo hakuufikia.

Nilimwita Kulwa nikamwonyesha karatasi. Hakushtuka.

"Ninajua," alisema.

"Tangu lini?"

"Mwezi uliopita. Nimemwambia mwenye timu. Akasema mtambo mpya hanunui, nikiufunga huu ndiyo mwisho wa Nungu."

"Kwa hiyo uliniita nije nifanye nini?"

"Nilidhani utajua namna ya kuubembeleza. Mechi tatu tu, Dotto."

"Kulwa, Jumamosi kutakuwa na watoto hapa ndani."

Alikaa chini kwenye ndoo. "Wewe una kiwanda," alisema. "Una Mama. Mimi nina hii."

Jumatano nilimtafuta Thabo. Kiingereza changu ni cha kuunga, lakini tulielewana. Alinisikiliza akiwa ameegemea gongo lake, kisha akauliza, "Mama, una uhakika itapasuka Jumamosi?"

"Siku siijui."

"Inaweza kukaa mpaka mwisho wa msimu?"

"Inaweza."

Alitazama barafu. "Eish," alisema, akachukua gongo lake akaondoka. Jioni ile alifanya mazoezi kama kawaida, na alipopita mbele yangu hakuniangalia.

Alhamisi na Ijumaa nilimsihi Kulwa. Nilimsihi jikoni, Espérance akisikia, nikamsihi kwenye ngazi. Mara ya mwisho alinijibu kwa upole kabisa: "Funga begi lako, urudi nyumbani. Ukiondoka, hutakuwa umeona kitu."

Jumamosi asubuhi nilivaa koti la Espérance nikaenda kwa miguu hadi kituo cha zimamoto. Niliwaonyesha karatasi. Saa tatu walifika ukumbini na vipimo vyao. Kulwa alikuwa juu ya mashine yake ya kulainisha barafu, anazunguka polepole, nyuma yake uso wa barafu unang'aa. Aliniona nimesimama na watu wa zimamoto. Alizunguka mara moja zaidi, akamaliza kona ya mwisho, ndipo akazima injini.

Mkubwa wao alitoka chumba cha mitambo akavua barakoa. Alisema gesi ipo, kidogo, ila ipo, na hakuna mtu wa kuingia mpaka mtambo ubadilishwe. Wakazima umeme, wakafunga valvu, wakabandika karatasi nyekundu mlangoni. Neno "kidogo" ndilo watu walilolishika. Nililisikia kwa wachezaji, nikalisikia kwa wauza tiketi. Mchana ule mwenye timu alituma ujumbe mfupi: timu imevunjwa, ahsanteni kwa huduma yenu.

Jumatatu zimamoto waliruhusu watu wachache, wakisimamiwa, wakachukue vifaa vyao. Barafu ilikuwa imekuwa dimbwi. Rangi nyekundu na buluu za mistari zilikuwa zimechanganyika, zinaelea kuelekea kwenye mfereji. Wachezaji walipita pembeni wamebeba mabegi yao makubwa. Thabo alitoa begini glovu yake ya ukipa akampa Kulwa, wakashikana mikono. Mimi alinisalimia kwa kichwa.

"Nilikuomba uniokolee barafu," Kulwa aliniambia, bila kugeuka. Hakuniambia kitu kingine siku zote nne zilizobaki.

Siku ya kuondoka Espérance ndiye alinisindikiza stesheni. Kulwa alikuwa ametoka alfajiri kutafuta kazi ya lindo Sandton. "Yaya, mi siko nakuchukia," alisema Espérance, akinifunga skafu shingoni. "Bwana yangu angali muzima, watoto wangu banaenda kule kila samedi ya mechi, nao bangali bazima. Lakini ye hataona vile. Usingoje aone."

Njia ya kurudi sikumbuki mengi. Nakumbuka mama mmoja wa Harare aliyenigawia chungwa bila kuniuliza kwa nini nalia.

Nilichojifunza Johannesburg ni hiki. Kama ningekaa kimya na gesi ikatoka, kila mtu angejua nani alikosea. Kwa kuwa haikutoka, aliyekosea ni mimi. Nimelipindua jambo hili kila upande, basini na hapa nyumbani, na sijapata upande mwingine. Ingekuwa leo, ningekwenda tena zimamoto. Hilo nalo halinipunguzii kitu.

Jumapili baada ya kurudi, Kulwa alipiga simu kwa Mama. Mama akaweka sauti kubwa ili nisikie. Kulwa aliuliza goti la Mama linaendeleaje. Aliuliza kuhusu bati la jikoni lililong'olewa na upepo, kuhusu mbuzi, kuhusu jirani aliyefiwa. Alitaka kujua habari za mvua.

"Dotto yupo hapa," Mama akasema. "Amekaa karibu yangu."

Tulisikia gari likipita mahali alipokuwa.

"Haya, Mama," alisema Kulwa. "Nitapiga Jumapili nyingine."

Mama alifuta simu kwa upande wa kanga yake ingawa haikuwa na vumbi, akaiweka mezani, akaniuliza kama nimekula.