Pazia la Ulanga

Miaka ile ya Wajerumani, treni ilipokwisha kufika Morogoro, nilikuwa nachambua ulanga katika banda moja mjini. Ulanga ni jiwe linalochanika kama karatasi, linapitisha mwanga, na motoni haliungui. Vipande vikubwa vilikwenda Ulaya; vidogo vilitupwa nyuma ya banda. Mimi sijawahi kupita penye kitu kilichotupwa bila kujiuliza nani atakihitaji.

Nilikuwa nimeoa katika kijiji cha Bigwa, mlimani nje ya mji, na kwa desturi ya Waluguru nilihamia kwa mke. Nyumba ya ukoo wake, shamba la ukoo wake, hata jogoo aliyeniamsha alikuwa wa ukoo wake. Changu kilikuwa mkeka na wasiwasi.

Wasiwasi ulihusu ghala la mama mkwe. Kuta na dari vilikandikwa udongo vizuri, lakini upande wa jikoni kulikuwa na uwazi mpana usio na mlango. Ndani zilining'inia mbegu za mahindi, mafungu arobaini, ndiyo masika yote ya familia ile. Ng'ambo ya kijito, jiko la jirani liliungua mchana kweupe, moto ukaingia ghalani mwake. Mwaka ule alipanda mbegu za kuomba. Tangu siku hiyo sikutulia. Nikiwa kazini, nikiona moshi upande wa mlimani, naacha ulanga natoka nje kutazama. Na upande wa mlimani moshi haukosekani, kwa hiyo nilitoka sana.

Nikamwendea mlinzi wa banda, nataka yale makombo. Akadai jogoo kwa kila kapu.

"Jogoo kwa takataka?"

"Kama ni takataka, mbona unazitaka?"

Tulipatana: makapu mawili, na nyuma ya banda nifagie mimi mwezi mzima. Mpaka leo sijui nani alimlalia mwenzake.

Nilikusudia pazia la kuzuia moto kwenye uwazi ule: nilipaka gunia udongo, nikashonea vipande juu yake, vikipandana kama magamba ya samaki. Nilihesabu mia mbili na tisa. Mara ya pili mia mbili na kumi. Nikaamini hesabu ya pili kwa sababu nilikuwa nimeketi. Uani nikawasha kuni tatu kulijaribu: uzi wa katani ukaungua, magamba yote yakamwagika chini, na mke wangu akaniletea ufagio bila kuulizwa. Nikashona upya kwa waya mwembamba wa shaba, ule wa bangili. Nikalitundika kwenye uwazi. Kando nilichimba mifereji miwili ukutani ili kingo zizame humo, na chini nikashonea mfuko mrefu wa mchanga. Moshi haukupita hata wa kuwasha jicho. Nilijisifu wiki tatu.

Wiki ya nne mama mkwe akakagua mbegu. Kwa heshima ya ukwe mimi naye hatukutazamana usoni. Maneno yalipitia kwa mke wangu, hata tukiwa hatua tatu.

"Mwambie mumeo fukusi wanamsalimu."

"Mama anasema..."

"Nimesikia."

"Mwambie moshi ule haukuwa uchafu. Ndio dawa ya mbegu. Kwao wanahifadhi kwa nini, kwa maneno?"

Kwetu mahindi yalitoka sokoni, yamekwisha kupukuchuliwa. Nilikuwa nimezuia moto ambao haujaja na kuwafungulia mlango wadudu. Mafungu mawili yalikuwa yametobolewa hadi kwenye gunzi. Arobaini ikawa thelathini na nane.

Basi uwazi ulihitaji moshi kila siku, na moto usipite hata siku moja. Siku hizo nilikula nimesimama. Mwisho nikalizungusha pazia kwenye mwanzi, likakaa juu ya uwazi limekunjwa, limeshikwa na kamba moja tu iliyopita juu ya mafiga. Kamba ya katani. Ile iliyoniaibisha uani, sasa nilitaka iungue: moto ukipanda kupita kiasi, kamba ikatike, mchanga uliteremshe pazia hata nyumbani kusiwe na mtu.

"Mwambie mumeo pazia lake alijaribu kwa moto."

"Nitalijaribu. Zitolewe mbegu kwanza."

"Zibaki."

"Zibaki kumi, mama."

"Zote."

"Ishirini, na naongeza mitungi miwili ya maji."

"Mwambie mumeo, moto ukija atapatana nao?"

Tulingoja siku tuliposhusha nyasi mbovu za paa la jiko ili kuezeka upya. Nililowesha paa la ghala, mitungi minne, nikaihesabu mara mbili. Mke wangu akawasha majani makavu jikoni, akakimbilia nje. Mimi nilikuwa ndani ya ghala, karibu na mlango wa nyuma. Mama mkwe naye alikuwa humo, kati ya mbegu zake, na hakutaka kutoka.

Kamba ikafuka, ikakatika. Pazia likashuka, likakwama.

Gamba moja lilikuwa limenasa kwenye mfereji wa kushoto. Chini ukabaki uwazi wa shubiri mbili, na ndimi za moto zikaanza kulala kuelekea kwetu. Nilikodoa macho nikitafuta gamba lipi.

"Mkwe! Vuta! Unahesabu nini?"

Alikuwa ameshashika mfuko wa mchanga upande wake. Nikashika wangu. Tukavuta pamoja, uso kwa uso, mkwe na mkwe, gamba likang'oka, mchanga ukagonga sakafu. Gunia likawa jeusi, udongo ukapasuka kidogo, lakini moshi haukuingia. Kingoni, ulanga ulipozidi gunia, tuliuona moto ukicheza upande wa pili kama taa ndani ya kioo.

Ulipozimika nilihesabu mafungu. Thelathini na nane. Nikarudia. Thelathini na nane.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kunigeuzia mgongo.

"Mwambie mumeo ule mfereji wa kushoto aupanue," alimwambia mke wangu, ambaye alikuwa bado nje, hasikii kitu.

Niliupanua siku ileile, ukuta ungali moto. Nikafunga kamba mpya. Kesho yake nikienda kazini, nilipofika kwenye kijito nikageuka, nikarudi kuliangalia fundo lake.