Mkono Aliopewa Mulamba

Watu wa Rumonge walimjua Pascasie kwa mambo mawili. Ndagala wake, dagaa wa ziwani, walikuwa wakavu kuliko wa mtu yeyote ufukweni, na alikuwa amemsamehe mtu aliyemuulia mume. Jambo la pili ndilo lililompa jina. Katika kijiji cha Kizuka kulikuwa na watu waliousimulia ushuhuda wake bila kuwahi kumwona, na watu wa Gatete walimwita kila walipofungua kanisa jipya la udongo. Alisimama mbele, kitenge kimefungwa sawasawa, akaanza kwa Kiswahili cha Uvira, akahamia Kirundi palipokuwa na machozi, kisha akarudi kwenye Kiswahili kumalizia. Kuanzia Kigoma hadi Uvira, kila kanisa la kando ya ziwa hili lina mtu wa namna hiyo, ambaye wokovu wake umeshakuwa mali ya wote. Watu humtegemea aamini kwa niaba yao. Naye, taratibu, huacha kuamini chochote.

Alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa binti, akaolewa na Bahizire, fundi wa mitumbwi, naye wa Kongo, wakakaa Gitaza. Jirani yao alikuwa Hyacinthe, kijana msomi aliyeimba besi katika kwaya moja na Bahizire. Wiki ya Uhuru, ngoma zikiwa bado zinalia, Hyacinthe aliwaongoza vijana hadi ufukweni. Walisema mchanga huo sasa una wenyewe, na Wakongomani warudi kwao. Yeye hakumpiga mtu. Alinyoosha kidole tu kwenye kibanda cha fundi, akasema, "Ni huyu." Wakampiga Bahizire kwa makafi aliyoyachonga mwenyewe. Akatema damu wiki baada ya wiki, akafa kabla mvua za kwanza hazijafika.

Pascasie alihamia Rumonge na boti moja, nyavu zilizochanika, na nusu ya kafi lililovunjikia mgongoni mwa mumewe.

Kanisa alilojiunga nalo lilikuwa na desturi. Siku moja kabla ya Meza ya Bwana, wazee walikaa kwenye benchi kando ya ukuta wa nje, na kila mwenye kinyongo alikuja hapo na mtu wake, wakapeana mkono mbele ya wazee. Asiyetoa mkono hakugusa mkate. Na kama uligombana na mtu kisha akafa, mzee mmoja alisimama mahali pa marehemu, ukampa yeye mkono, ukawa huru. Ilikuwa desturi nzuri, ya huruma, iliyotungwa kwa ajili ya wafu.

Pascasie hakuwa na mtu wa kuja naye. Meza ilipoandaliwa alibaki nje, na wanawake wenzake walianza kunong'ona. Mzee Mulamba, Mkongomani mwenzake aliyeuza chumvi, alikuwa mpole asiyependa kuona kiti kitupu. Akamwambia kwamba yeye atakuwa Hyacinthe. Akanyoosha mkono. Pascasie akautazama, akaupokea, na kanisa likaimba mpaka jioni.

Hyacinthe hakuwa amekufa. Alikuwa karani Bujumbura, katika ofisi yenye feni, safari ya asubuhi moja kwa lori. Hakuna aliyelikumbuka hilo. Au walilikumbuka, wakaona ni mbali.

Tangu siku ile hakuna aliyemuuliza Pascasie habari za moyo wake, naye akaacha kujiuliza. Maombi yake yakafupika. Ushuhuda ukarefuka. Alikwenda nao kila mahali, na lile kafi mkononi, watu wakaligusa na kulia. Nyumbani alilitundika juu ya kitanda na kulipaka mawese ili mchwa wasilile. Wakati wa kugeuza ndagala mchangani alizungumza na Hyacinthe kimoyomoyo, akimchagulia vifo. Siku za upepo alimzamisha. Siku za jua kali alimwacha bila maji. Jumapili alimsamehe tena, kwa sauti nzuri.

Aliyeliona hilo ni Feruzi peke yake, Mwislamu wa mjini aliyeiendesha boti yake na kushona nyavu zake.

"Mama Pascasie," alimwambia mara moja, "hii kafi unailisha mawese kuliko unavyonilisha miye. Mutu amesamehe, angekuwa ameichoma kupikia chai."

"Wewe unajua nini habari za kusamehe?"

"Sijui kitu. Najua kuni."

Mwaka 1972, mwishoni mwa Aprili, waasi walimwaga damu kwenye ufuko huu. Kisha kisasi cha serikali kikashuka juu yake, na kisasi hicho hakikuchagua. Walimu na makarani waliitwa kwa majina, wakapandishwa malori, hawakurudi. Mkongomani yeyote alitazamwa kama mwasi. Mzee Mulamba aliondoka miongoni mwa wa kwanza kabisa, na familia yake, bila kuliaga kanisa. Nyumba yake ya bati, juu kando ya barabara, ilichukuliwa na askari. Waliweka kizuizi mlangoni, wakapika kwenye jiko la mkewe. Pascasie alijua, kwani hao askari walikuwa wamemnyang'anya ndagala na kumwelekeza awapelekee wengine huko huko.

Yeye na Feruzi walipanga kuvuka kwenda Kongo alasiri, karabai zikiwa zimening'inizwa kama boti inayokwenda kuvua, wakimbizi wakiwa wamelala chini ya nyavu.

Asubuhi ya siku hiyo alikuwa anageuza ndagala mara ya mwisho. Mtu akatokea kwenye michikichi upande wa Kizuka, shati la ofisini limechanika, mguu mmoja hauna kiatu.

"Bwana asifiwe, dada Pascasie."

"Amina," akajibu, kwa kuwa mdomo ulikuwa umezoea. Ndipo akaisikia ile besi.

Hyacinthe alieleza yote kwa haraka. Wenzake wa ofisini walikuwa wameitwa, naye akapita milimani kwa miguu. Mama mmoja wa Kizuka alimficha, na alipouliza ni nani mwenye boti, akatajiwa Pascasie. Hapo, alisema, aliona mkono wa Mungu. Kwani miaka mingi nyuma mchungaji mmoja alimletea habari kwamba mjane wa Bahizire amemsamehe mbele ya kanisa zima. Usiku huo alipiga magoti, akashukuru, akalala.

"Moyo wangu ukatulia, dada."

"Ukatulia?"

"Kabisa. Nikasema Bwana amemaliza."

"Na hukuja."

Alionekana kushangaa kweli. "Nilisikia umeshasamehe. Ningekuja kufanya nini?"

Pascasie aliendelea kugeuza samaki. Hasira iliyompanda haikuwa ile aliyoizoea. Ushuhuda wake ulikuwa umefika Bujumbura kabla yake, ukamlaza mtu huyu usingizi mzuri, mwaka baada ya mwaka, katika ofisi yenye feni. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtandikia kitanda. Aliwaza vifo vyote alivyokuwa amemchagulia, na hiki kilichosimama mbele yake kilikuwa bora kuliko vyote, kwa kuwa hakikuhitaji hata ainue sauti.

Hyacinthe akanyoosha mkono. "Nipe mkono, dada. Univushe."

Ulikuwa mkono wa karani, laini, kidole kimoja kina doa la wino. Ndicho kidole kile.

"Mkono wako anao Mulamba," akasema. "Nilimpa yeye. Panda hapo juu, nyumba ya bati kando ya barabara. Mwambie akurudishie, halafu uje nikupakie."

"Ni utaratibu wa kanisa?"

"Ndiyo. Ni utaratibu."

Akainamisha kichwa. "Murakoze cane," akamshukuru kwa Kirundi, akashika njia ya kupanda.

Feruzi alikuwa ameacha kushona. "Mama. Mulamba hayuko."

"Najua."

"Askari ndio iko mule ndani."

"Nimesema najua."

Feruzi akatupa nyavu na kukimbilia ile njia. Alichelewa. Kutoka juu ilisikika sauti nzito ya besi ikimsalimu mtu, "Bwana asifiwe," na hakuna aliyeitikia amina. Baadaye lori likawashwa. Feruzi akarudi, akaingia ziwani mpaka magotini, akanawa uso muda mrefu bila kumwangalia.

Asiyewahi kulipiza asiwadanganye watu kwamba kisasi hakina ladha. Kina ladha. Pascasie aliisikia kwenye ulimi, tamu kama mawese mapya, na aliinama akakusanya ndagala wake huku mikono ikiwa myepesi kama ya msichana. Alimwambia Bahizire kwamba yameisha. Utamu huo ulidumu mpaka walipopakia boti. Watu wakalala, nyavu zikatandazwa juu yao, na karibu na usukani pakabaki pengo la kumtosha mtu mmoja.

"Nafasi ilikuwapo," Feruzi akasema, akashika usukani.

Upande wa Kongo, Ubwari, wakimbizi walikuwa wameshajenga kanisa la majani. Mzee Mulamba alimpokea kwa kilio, akamshukuru Mungu, na Jumapili ileile akamwomba atoe ushuhuda, kwa kuwa watu walikuwa na uchungu mwingi na walihitaji kusikia habari za msamaha.

Pascasie alisimama na kafi lake akidhani maneno yatagoma. Hayakugoma. Yalitoka yenyewe, kwa mpangilio uleule. Alipofika kwenye Kirundi machozi yalimjia mahali palepale yalipozoea kuja, na watu wakalia pamoja naye. Mwanamke aliyepoteza wana alimbusu mikono. Wakati huo ndipo alipoogopa, kwa mara ya kwanza tangu vurugu zianze. Askari hawakuwa wamemtia hofu ya namna hiyo. Alikuwa amemtuma mtu auawe, na ushuhuda wake haukuwa umepungua hata neno.

Meza ya Bwana ilipokaribia alimfuata Mulamba kwenye benchi la nje, akamwambia yote: alichosema, nyumba ya nani, na kwamba alijua.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mwema na hakujua ila njia moja. Akainuka, akajifuta kiganja kwenye suruali.

"Basi sasa amekufa kweli," akasema taratibu. "Sasa inaruhusiwa. Nitasimama mahali pake, mwanangu. Nipe."

Pascasie aliutazama ule mkono wa muuza chumvi, uliopasuka vidoleni, uliokuwa umenyooshwa kwa upendo mara ya pili.

"Huo ndio niliomtuma akauchukue, mzee," akasema. "Urudishe mfukoni."

Hakuingia ndani siku hiyo. Wala baadaye hakuingia wakati mkate unamegwa. Alikaa kwenye benchi la wazee kando ya ukuta, na waliomwomba ushuhuda aliwaambia kwamba hana. Watu wapya walimdhania mpagani. Aliposali, alisali kwa maneno machache yaliyomtoka kwa shida, kama mtu anayejifunza lugha uzeeni.

Kafi alilitundika tena juu ya kitanda, ila hakulipaka mawese. Mchwa wa Ubwari walianzia kwenye mpini.