Mzee Aliyetaka Kuitwa Pops

Huku ughaibuni kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Asubuhi ya kwanza, yule mzee wa Lewisham aliniuliza kwa nini nimesimama kama niko mbele ya mwalimu mkuu. Nilikuwa mlangoni na glavu zangu mkononi, nimeinama kidogo, nikimwita Sir.

"Sir gani?" akasema. "Nimeendesha basi maisha yangu yote. Waliokuwa wakiniita Sir ni polisi, tena wakiniandikia faini. Wewe niite Pops."

"Sawa, Sir," nikasema.

Akanipigia saluti. Tukacheka wote wawili, nikampikia uji wake wa oti, nikamfunga vifungo vya shati.

Lakini Pops, yaani baba kwa lugha ya utani, ilinigomea mdomoni. Nimelelewa Mwanza, na baba yangu nilikuwa nikimnawisha mikono nimepiga goti. Leo mzee wa miaka themanini na kitu nimwite kama ninayemtania kijiweni? Shule yangu iliishia kidato cha nne, tena kwa maksi zisizosimulika. Adabu ndiyo niliyokuwa najivunia.

Siku moja nikimchana nywele alinionyesha picha ukutani, watoto wawili wamekaa kwenye ngazi za basi.

"Hawa ndio walioniita Pops. Sasa wako Australia, na kwenye kadi wananiandikia Father, kama padri. Humu ndani hakuna aliyeniita Pops tangu mke wangu afariki."

Nikaanza kumsimulia ndoto yangu: mgahawa wa chapati na maharage pale karibu na soko la Lewisham, viti vya njano, na mimi mwenyewe mlangoni nikikaribisha watu.

"Utanipa kiti cha dirishani?"

"Cha dirishani kabisa, Sir."

Akaangalia mikono yake. Nilimwona. Nikaenda jikoni, nikafungua bomba lipige kelele, nikajizoeza: Pops, Pops, Pops. Niliporudi nikasema, "Nikuongeze chai, Sir?"

Baadaye ofisi ikanihamishia Wembley. Siku ya kukabidhi kazi alikuja wa kunipokea, binti wa Kikongo aliyezaliwa Peckham, mtaa wa jirani. Hakuambiwa chochote. Aliingia, akatupa koti lake kitini, akasema, "Vipi, Pops, umelalaje?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Miezi minane nilikuwa naye na kicheko kile sikuwahi kukisikia.

Jikoni nikamuuliza yule binti kwa Kiswahili, "Mbona umemwita hivyo?"

Akanijibu kwa Kiingereza, huku anapaka siagi kwenye mkate, "Si ana sura ya Pops?"

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Nilikwenda kumuaga. Neno lilikuwa tayari, nilikuwa nimelibeba kwenye basi tangu asubuhi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Haya, nenda kafungue huo mgahawa. Kiti changu usimpe mtu."

"Asante sana, Sir."

Akanipigia saluti, polepole, na safari hii hakucheka.

Kwenye basi la kurudi nililitamka kwa sauti kabisa. Mama aliyekaa pembeni yangu akadhani naongea na simu, akageukia dirishani.

Kutoka Wembley hadi Lewisham ni treni mbili tu. Bado sijaenda. Naogopa nitafika mlangoni, nimsalimie vilevile.