Unga wa Kilio cha Masera

Juzi, hapa Molenbeek, Ubelgiji, televisheni ilionyesha mambo ya Ufaransa ya mwaka mzima, na wakubwa wao waliokufa. Nikacheka peke yangu.

Nilikuwa mutoto kule Bukavu. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, redio ikakata muziki, ikasema mukubwa wa Ufaransa amekufa. Masera, mutawa Mufaransa aliyetufundisha, nilimuona analia. Bon, nikajua huyo mukubwa alikuwa baba yake. Na kwetu hauendi kwenye kilio mikono mitupu. Nikajaza beseni unga wa muhogo.

"Utafukuzwa," dada yangu akasema. "Wazungu hawalilie muntu na bugali."

Nilienda kwake. Nyumba ilinuka sabuni na kahawa. Masera aliangalia unga, akaniangalia. Nikaketi chini kwenye simenti, nikanyoosha miguu kama wamama wa kilio. Watoto walijaa dirishani, wakingoja nitupwe nje.

Masera akavua viatu, akaketi karibu yangu, akanyoosha miguu yake.

Leo najua yule mukubwa hakuwa baba yake. Masera pia alijua nimekosea, lakini aliketi. Na Bukavu nzima, aliyemupelekea unga ni mimi peke yangu, na dada yangu aliona yote dirishani.